Ngozi za Rujewa na Amani ya Korea

Jamaa zangu wa barazani,

Tangu nirudi nimesikia habari nne za safari yangu, na zote nne ni nzuri kuliko safari yenyewe. Ya kwanza inasema nilikamatwa Nyololo kwa kosa la kuandikisha vijana jeshini. Ya pili inasema nilimwaga mzigo wa ngozi Ifunda kwa sababu nilipandwa na mashetani. Ya tatu inasema nimetajirika na ninaficha. Ya nne siiandiki, maana mke wangu anasoma karatasi hizi kabla yenu. Nimechoka kukanusha kila nikija kunywa kahawa. Someni wenyewe, mpeane, halafu mniache.

MBEYA HADI CHIMALA

Mnakumbuka hali ilivyokuwa. Mmarekani na Mrusi walikuwa wamegombana, na kwa kuwa ni watu wakubwa wenye heshima zao, hawakutaka kuchafua nyumba zao, wakaenda kupigania ugomvi huo kwa mtu mwingine, huko Korea. Mimi Korea siijui. Nilionyeshwa mara moja kwenye ramani ya shule: ni kipande cha nchi kinachoning'inia pembeni kama mkia wa mbuzi. Lakini askari wanaokwenda kuharibu nchi ya watu wanahitaji buti, na buti zinahitaji ngozi. Kwa hiyo ng'ombe wa Usangu, ambao hawajawahi kusema neno lolote baya juu ya Mrusi wala Mmarekani, wakapanda thamani. Ila waliopanda ni waliokufa. Wazima walibaki bei ileile.

Mimi nikaona Mungu amenikumbuka. Hapa Mbeya bei ilikuwa nzuri, lakini Iringa kulikuwa na Mgiriki mmoja, Bwana Kosta, aliyekuwa akipokea simu za upepo kutoka Dar es Salaam, na kwa kila simu akiongeza bei. Nikasema badala ya kumpelekea dalali hapa, nipeleke mwenyewe. Wakati huohuo vita vilevile vilikuwa vimepandisha bati, sabuni, mafuta ya taa na mipira ya magari, hivyo kila nilichopewa na Korea kwenye ngozi, Korea ilikuja kunidai dukani. Hilo sikulihesabu. Mfanyabiashara hahesabu vitu vya kumvunja moyo kabla ya safari.

Lori mnalijua, lile la kijani ambalo dereva wake ni Mwakipesile, yule Mnyakyusa mrefu anayeendesha magoti yakiwa karibu na masikio. Bodi ni ya Kiingereza, injini ni ya Kimarekani, betri ni ya Kijerumani, na kuna springi moja ambayo Mwakipesile anaapa ni ya Kijapani.

"Wote wamo humu ndani," aliniambia asubuhi ile ya Jumanne akilisukuma kwa bega, "na wala hawapigani. Wanagoma tu."

Waligoma mpaka saa nne. Watu kumi walisukuma, wakiwemo wawili miongoni mwenu, ambao bado wananikumbusha.

Chimala tulimkuta mzee mmoja amesimama pembeni mwa barabara kama nguzo ya simu. Alikuwa amevaa koti zito la jeshi, jua likiwaka, vifungo vyote vimefungwa. Mkononi alikuwa na kopo la asali na kuku aliyefungwa miguu. Aliinua mkono mara moja tu, si kwa kuomba, ila kama mtu anayesimamisha msafara wake mwenyewe.

"Kopolo Sanga," alijitambulisha. "Nilikuwa Bama, vitani. Nakwenda Iringa. Nitalipa."

Alipanda mbele, akakaa katikati yetu, kuku mapajani. Alikuwa Mkinga wa kule milimani aliyehamia bondeni baada ya vita ya Hitler. Baada ya maili kama tano ndipo aliposema kinachompeleka. Mwanawe Elia alikuwa askari. Alikuwa ameandika barua kwamba kikosi chake kimepita Iringa kwa kazi, na kwamba Ijumaa saa mbili asubuhi lori la jeshi litaondoka kwenda Dar es Salaam, na kutoka hapo wanapelekwa ng'ambo.

"Ng'ambo wapi?" niliuliza.

"Hawakuambiwa. Anasema wanafundishwa kupigana msituni. Mimi nimepigana msituni. Mtu hafundishwi msitu ili apelekwe kulinda posta."

"Leo Jumanne, Kopolo," Mwakipesile alimwambia. "Alhamisi jioni uko Iringa. Utamwona mpaka mchokane."

Mzee akamweka kuku sawa mapajani. Kisha akanigeukia. "Wewe Bwana Athumani unasoma magazeti. Nasikia hao wakubwa wanatafutana wapatane. Wakipatana Korea, si watawaacha vijana wakae makwao?"

Nikaona bei ya ngozi inateremka mbele ya macho yangu kama ndoo iliyokatika kamba.

"Inshallah," nikamjibu. Sikusema inshallah ya nini.

RUJEWA

Rujewa tuliingia alasiri. Ngozi zangu zilikuwa zimekusanywa kwenye banda la mpunga, zimewambwa, zimekauka, zimefungwa mafungu. Ninyi mnaonicheka kwamba nanuka mkiniona sokoni, mngekuwa kwenye banda lile mngenisamehe. Tulipakia mpaka jua likazama, na Kopolo, bila kuombwa, alivua koti, akalikunja kama bendera, akatusaidia. Alibeba fungu moja moja, akihesabu kwa Kiingereza cha jeshini.

Mama aliyetupikia alitupa wali mweupe wa pale pale na kambale wa kukaushwa aliyepikwa kwa nyanya. Ni chakula ambacho kingetosha kumfanya mtu ahame Mbeya. Alitutazama tunavyokula, akauliza hizo ngozi zote zinakwenda wapi. Nikamweleza habari za Mmarekani, Mrusi na Korea kadiri nilivyoweza.

"Hao wanaopigana," akauliza, "kwao hakuna ng'ombe?"

"Wapo, mama. Wengi kuliko wa kwetu."

"Sasa mbona wanataka wa kwetu?"

"Wa kwao hawawatoshi."

"Kumbe ni maskini," akasema kwa huruma, akaniongezea wali.

Nimesoma magazeti mengi ya vita vile na sijaona mwandishi aliyeeleza vizuri zaidi.

RUJEWA HADI NYOLOLO

Jumatano tuliondoka alfajiri na kufika Igawa kabla ya jua kuwaka sawasawa. Hapo mpira wa mbele ukapasuka. Mwakipesile aliteremka, akautazama, akauvulia kofia kama kwenye msiba. Akatoa wa akiba, ambao ulikuwa na viraka vingi kuliko mpira.

"Kwa nini mwenye gari hanunui mipira mipya?" nikauliza. Swali la mtu aliyelala vizuri.

Akakaa juu ya jiwe. "Bwana Athumani. Mpira unatoka nchi ya Malaya, kwa Mwingereza. Mwingereza ni rafiki wa Mmarekani, si ndiyo? Basi anamuuzia Mmarekani. Halafu tajiri wangu ananiambia alikuwa anamuuzia na Mrusi vilevile, mpaka Mmarekani akakasirika. Anayebaki ni mimi. Hao wawili wakishamaliza kugombania mpira, kinachobaki kinaletwa Mbeya kwa bei ya dhahabu. Wewe vita vimekupa ngozi. Mimi vimenipa hii." Akaupiga teke ule mpira uliopasuka.

Kopolo alikuwa amesimama pembeni na kuku wake. "Malaya kuna msitu?" akauliza.

Mwakipesile hakujua. Mimi nilijua, na nilijua pia kwamba Mwingereza ana vita humo, nikasema sijui.

Kuuongezea viraka kulichukua muda wa saa nne. Kutoka hapo ni kupanda, na kadiri tunavyopanda ndivyo baridi inavyoingia. Makambako upepo ulikuwa ukikata masikio. Niliona haya kumwomba Kopolo lile koti nililokuwa nikilicheka Chimala, na yeye kwa adabu hakunipa.

Nyololo tulifika magharibi na njaa kali. Kuna nyumba tatu nne pale barabarani ambazo huuza chai na viazi. Tulisimamisha gari. Kopolo akateremka kwanza, koti limefungwa mpaka shingoni, akajinyoosha mgongo na kutazama kijiji kutoka mwanzo hadi mwisho, kama alivyozoea kutazama kila mahali. Milango ikaanza kufungwa. Vijana wawili waliokuwa wakicheza bao waliacha kete palepale wakakimbilia migombani. Kwa muda mfupi Nyololo yote ilibaki ni sisi, kuku wetu, na mbwa mmoja ambaye nadhani alikuwa kiziwi.

Tulibisha hodi nyumba ya kwanza. Kimya. Ya pili, kimya kilichokuwa kikipumua. Ya tatu akatoka bibi mmoja Mhehe, mdogo wa umbo, amesimama mlangoni mikono kiunoni.

"Kamwene, bibi," nikamsalimu.

"Kamwene. Mmekuja kuchukua wangapi?"

"Wangapi nini?"

"Vijana. Vita ya Hitler mlichukua sita hapa. Walirudi wanne. Semeni mnataka wangapi, ila wajukuu wangu hawapo, wamekwenda kwa mjomba wao."

Nyuma yake mjukuu mmoja akapiga chafya.

"Bibi, sisi si watu wa jeshi. Sisi tunachukua ngozi."

Mnaona wenyewe nilivyo na akili. Yule bibi alirudi nyuma hatua mbili.

"Ngozi za watu?"

"Za ng'ombe! Ng'ombe, bibi! Njoo uone!"

Hakuja. Alimtuma Mwakipesile alete moja, akaishika, akainusa, akaigeuza, akatafuta alama ya moto mgongoni. Alipoiona ndipo alipocheka, akapiga kelele kwa Kihehe, na milango ikafunguka. Tuliletewa ugali wa moto, maharage na viazi vya kuchoma majivuni. Mwakipesile akaletewa na ulanzi, pombe ya mianzi, ambao mimi sinywi, na kesho yake nilishukuru kwamba sinywi. Usiku ule nililala katikati ya wajukuu waliokwenda kwa mjomba. Habari kwamba nilikamatwa zinatoka hapo. Aliyekaribia kukamatwa ni bibi yule, kwa kunifanya nile mpaka nishindwe kuinama.

Kopolo alikula kidogo. Alimuuliza bibi majina ya wale wawili ambao hawakurudi. Bibi akamtajia. Akayarudia polepole, akasema hakuwajua.

NYOLOLO HADI IFUNDA

Alhamisi asubuhi ukungu ulikuwa mzito, Mwakipesile akaendesha kwa kuchungulia dirishani. Saa nne tulifika Sao Hill, tukasimama kwenye duka moja lenye redio ya betri. Mwenye duka, Mhindi mwembamba mwenye sweta mbili, alikuwa ameiweka redio juu ya kaunta na watu kama ishirini wameizunguka. Redio ilikuwa ikisema Kiingereza. Alipomaliza kusikiliza akainua mikono.

"Wamekubali kukaa mezani! Wanazungumza! Vita vinaisha!"

Watu wakashangilia. Mwalimu mmoja wa misheni akavua kofia na kusema kasala kafupi. Mama mmoja aliyekuja kununua chumvi alipiga kigelegele, ingawa nina hakika Korea aliisikia siku ile kwa mara ya kwanza. Kopolo Sanga alisimama katikati yao, akamshika mkono mwenye duka, hakuuachia, akauliza mara tatu, "Hakika? Hakika? Hakika?"

Mimi nilikuwa nimeegemea gunia la sukari. Nitawaambieni ukweli kwa kuwa ndiyo sababu ya kuandika. Watu walikuwa wakishangilia kwamba wenzao wataacha kuuawa, na mimi, Athumani, ninayeswali, nilihisi kama mtu aliyeibiwa. Nilisema moyoni: si wangengoja mpaka Jumatatu? Wamepigana mwaka mzima; siku nne zaidi zingewapunguzia nini?

Kopolo akageuka, uso wake unang'aa, akaniona.

"Bwana Athumani, unaumwa?"

"Tumbo. Viazi vya jana."

Akaniangalia, kisha akaangalia lori lililojaa mafungu hadi juu, kisha akaniangalia tena. Tangu hapo mpaka Ifunda hakuna aliyesema kitu, hata kuku alinyamaza. Nilitamani anitukane. Mtu akikutukana angalau unapata la kujibu.

Kiasi cha saa kumi jioni, tukiwa Ifunda, tulisikia mlio kama wa bunduki nyuma. Mzee alijilaza kifudifudi juu ya dashibodi kabla sijajua kilichotokea. Mpira mmoja wa nyuma ulikuwa umepasuka, na wa akiba tulikuwa tumeshautumia Igawa.

Mwakipesile alikagua akiinama na kuinuka. "Nyuma lina mipira miwili miwili kila upande," akasema. "Huu mwenzake uliobaki hauwezi kubeba mzigo huu. Lori la pili la tajiri linafika hapa kesho adhuhuri na kugeuza, lina mpira. Tunalingoja. Jioni ya kesho mko Iringa."

"Lori la jeshi linaondoka kesho saa mbili asubuhi," Kopolo akasema.

"Najua, mzee."

"Na usiku huu?"

"Nina taa moja, nayo inaangalia mitini. Usiku siendi."

Tulipata pa kulala kwa mkulima mmoja Mkatoliki, Bwana Kiyeyeu, mwenye nyumba ya matofali na uwanja mpana mbele. Alitupa maziwa na hakutuuliza maswali. Kopolo hakuingia ndani. Alikaa barazani, akifuta vumbi kwenye kopo la asali kwa ncha ya koti, akilirudisha chini, akilichukua tena.

IFUNDA HADI IRINGA

Alfajiri nilimkuta ameshavaa. Alikuwa amemwacha kuku kwa mke wa Kiyeyeu kama shukrani. "Natembea," akaniambia. "Pengine nitapata gari njiani."

Ni zaidi ya maili thelathini.

Nilikwenda kumwamsha Mwakipesile. "Lori likiwa tupu linaweza kwenda?"

"Tupu linaweza. Kwani mzigo utauweka wapi?"

Nikamwonyesha uwanja.

Msifikiri nilikuwa mwema. Nilikuwa na hasira. Nilimkasirikia mzee kwa kutonitukana, nikajikasirikia kwa lile la Sao Hill, na nilitaka mtu mmoja aache kunitazama vile. Nilijua fika kwamba habari za amani zimeshatoka na kila saa ninayochelewa Bwana Kosta anazidi kukunja mkono. Ningengoja mpira wa adhuhuri, jioni ningekuwa kwake na mzigo wangu, huenda bei ikiwa ileile. Nilijua hayo yote na bado nilipanda juu ya mzigo nikaanza kutupa mafungu chini. Mwakipesile alifikiri nimepandwa na kitu, na ndiye aliyewaambia ninyi habari za mashetani.

Bwana Kiyeyeu alitoka na taulo shingoni. "Nani atazilinda?" nikamuuliza.

Akavuta hewa puani. "Zinajilinda."

Kopolo alivua koti, akapanda, tukawa tunatupa wawili. Saa kumi na mbili na nusu tulikuwa barabarani, lori linarukaruka kama punda aliyefunguliwa, Mwakipesile anaomba kwa Kinyakyusa kila tukigusa shimo. Tulishuka kuelekea mto Ruaha Mdogo, tukapanda kilima cha mji injini ikilia, na saa mbili kasoro dakika chache tukaingia Iringa.

Lori la jeshi lilikuwa karibu na boma, injini inanguruma, vijana wameshapanda. Kopolo aliteremka kabla hatujasimama. Alitembea, hakukimbia. Akasimama mbele ya sajini, akabana miguu, akapiga saluti, akataja jina lake, cheo chake na namba yake ya vita ya Hitler. Sajini, kijana anayeweza kuwa mjukuu wake, naye akabana miguu.

"Dakika tano, mzee."

Elia akaruka chini. Ni kijana mfupi kuliko baba yake, mwenye sura ya kucheka. Hawakukumbatiana. Mzee alimzunguka mara moja kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani: akamvuta mkanda, akakaza kifungo kimoja, akainama, akabonyeza buti kwa kidole gumba.

"Zinabana?"

"Kidogo, baba."

"Zilowanishe, uzivae zikiwa mbichi, utembee nazo mpaka zikauke. Usimpe mtu mwingine azivae."

"Ndiyo, baba. Mama hajambo?"

"Hajambo. Kakupa hii." Akampa kopo la asali. "Wanasema wamekaa mezani. Redio imesema."

"Tumesikia, baba. Sajini anasema sisi haituhusu. Sisi tunakwenda kwingine."

"Kwingine wapi?"

"Hajasema."

Filimbi ikapigwa. Elia akapanda, mtu akampokea kopo, lori likaondoka kuelekea barabara ya Dodoma, kwenye reli. Mzee alibaki amebana miguu mpaka vumbi likatua kabisa. Mimi na Mwakipesile tuligeukia upande mwingine, tukijifanya tunaangalia mpira.

IRINGA

Saa tatu nilikuwa ofisini kwa Bwana Kosta. Ni mtu mnene, mpole, anayezungumza Kiswahili kizuri kuliko makarani wengi wa hapa Mbeya.

"Bei ni ileile mpaka nitakapoambiwa vingine," akasema. "Mzigo uko wapi?"

"Ifunda."

"Ifunda sinunui. Nanunua hapa mlangoni."

Mwakipesile alikataa kurudi Ifunda kwa mpira ule mmoja, hivyo siku nzima tulizunguka mji mzima kutafuta mwenzake. Duka la kwanza hawana. La pili wanao, ila ni wa trekta. La tatu mwenye duka aliutoa chini ya kitanda chake kama mtu anayetoa mtoto mchanga, akataja bei, Mwakipesile akakaa chini. Tulipokubaliana jua lilikuwa limeshaelemea, na ile taa yetu mnaijua. Jumamosi alfajiri tulirudi Ifunda. Kopolo alikuwa huru kwenda kwake, lakini alikuja nasi, akapakia tena fungu moja moja, akihesabu kwa Kiingereza. Saa sita mchana tulikuwa mlangoni kwa Bwana Kosta. Alikuwa na karatasi mkononi na uso wa msiba.

"Jana jioni ningekulipa bei yako," akasema. "Simu imekuja leo saa tatu. Nusu."

"Kwa mazungumzo tu? Hata amani yenyewe haijaja!"

"Amani yenyewe ikija sitanunua kabisa."

Nikamuuliza, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kufanya, ngozi zangu hasa hukwenda kwa nani.

"Zinakwenda London. London wanauza nyingine kwa Mmarekani, nyingine kwa Mholanzi. Mholanzi anamuuzia mtu, na mtu huyo anamuuzia mtu."

"Na huyo wa mwisho ni nani?"

Akainua mabega. "Sijui. Lakini kule kwa Mrusi baridi ni kali, na wana miguu kama sisi."

"Yaani wanapigana, na wanauziana buti?"

"Bwana Athumani, wasipouziana watapigana na nini?"

Nikauza. Nusu ya bei ilitosha kulipa lori, kulipa mpira, na kuninunulia nyama choma ambayo sikuimaliza. Habari ya utajiri mnaweza kuifuta.

KURUDI

Tulirudi na chumvi ya tajiri nyuma, na Kopolo katikati. Sasa alikuwa anazungumza. Alinieleza Bama, mvua, ruba, na mtu mmoja wa Tukuyu aliyekuwa akiimba akilala. Alinieleza kwamba Elia alipokuwa mdogo aliogopa vyura. Maneno yale kuhusu "kwingine" alikuwa ameyageuza na kuyageuza mpaka akayapatia tafsiri njema: wakubwa wakipatana Korea, watachoka, na watu wakichoka hawaanzishi vita kwingine, wanarudi kulala. Nilimwambia inaelekea ni hivyo. Safari hii nilimaanisha, au nilijitahidi.

Jumatatu, Makambako, tulisimama kunywa chai. Palikuwa na dereva mwingine aliyetoka njia ya Dodoma na gazeti la siku iliyopita. Kopolo akaniomba nimsomee. Nilisoma kwanza kimya, na yeye akawa anatazama midomo yangu.

"Soma kwa sauti, Bwana Athumani."

Nikasoma. Mazungumzo yalikuwa yamekwama. Wamegombana juu ya nani aingie kwenye ukumbi na nani asiingie. Kila upande unasema mwenzake ni mwongo. Mapigano yanaendelea kama kawaida. Hapohapo chini, kwa herufi ndogo, wakaandika kwamba bei za bidhaa zimeanza kupanda tena.

Nilikunja gazeti. Mzee alikunywa chai yake mpaka mwisho, akageuza kikombe, akakiweka.

Chimala mzee aliteremka palepale alipotusimamisha. Alitoa fedha za nauli, Mwakipesile akakataa, mzee akaziweka juu ya kiti kwa nguvu. Alifunga vifungo vyote vya koti, jua likiwaka. Kisha akazunguka upande wangu, akaniletea mkono dirishani, akanishika vizuri, kwa mikono miwili.

"Basi ngozi zako zitapanda bei, Bwana Athumani," akasema. "Nakuombea kheri."

Hakusema kwa kunisuta. Ningejua. Alisema kama unavyomwombea kheri mtu aliyekusaidia na ambaye unamjua kazi yake ni ipi. Nilimwambia, "Amina."

Alhamisi yake nilikuwa Rujewa, nanunua ngozi.